Jinsi ya Kusoma Rekodi ya Mlinzi wa Mstari wa Mbele wa NFL: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kosa linajirudia kila msimu. Mtu anafungua ukurasa wa takwimu wa mchezaji, anashuka moja kwa moja hadi safu ya saki, anakuta namba ndogo na kuamua kwamba huyu hakuwa na lolote. Au anakuta namba kubwa ya msimu mmoja na kumvika taji palepale. Kisha anaandika makala au anaingia kwenye mjadala, na hoja yake inabomolewa na mtu wa kwanza anayeufahamu mchezo.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuielewa kazi nzima ya mlinzi wa mstari wa mbele katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, tangu anaingia ligi hadi anatundika viatu. Historia ya mchezo naiacha. Nachukulia kwamba unajua timu inayoshambulia ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10, na kwamba saki ni pale kotabeki, yule anayerusha pasi, anapoangushwa na mpira mkononi kabla hajaurusha.

Nimeuandika kwa sababu wachezaji hawa wananiuma moyoni. Hakuna kazi uwanjani inayoumiza mwili kuliko yao na kusomwa vibaya kuliko yao.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Ukurasa wa takwimu za kila msimu. Pro Football Reference inatosha na haina malipo. Usitumie picha za takwimu zinazosambazwa mitandaoni. Mara nyingi zinachanganya msimu wa kawaida na mechi za mtoano.

Hesabu ya snapu. Snapu ni kila mara mpira unapoanzishwa. Kwa misimu ya 2012 na kuendelea utaona mchezaji alikuwa uwanjani kwa asilimia ngapi ya snapu za ulinzi.

Orodha ya usajili na kuachwa. Tarehe aliyosajiliwa, aliyoachwa, aliyowekwa kwenye orodha ya majeruhi.

Taarifa za mkataba. Over the Cap na Spotrac zinaonyesha mkataba kwa vipande: mshahara, bonasi, fedha zilizodhaminiwa.

Video ya mechi nzima, angalau 3. Vipande vya dakika mbili havifai, na sababu utaiona kwenye hatua ya 5. Ukitaka kutazama moja kwa moja, mechi za Jumapili za saa 7 mchana kwa saa za mashariki mwa Marekani huanza saa 2 usiku Afrika Mashariki. Baada ya Wamarekani kurudisha saa zao nyuma mwanzoni mwa Novemba, huanza saa 3 usiku.

Daftari na kikokotoo. Andika kwa mkono ukiweza. Utalazimika kuchora.

## Hatua ya 1: Jua alisimama wapi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na bila hiyo namba zote zinazofuata hazina maana.

Chora wazuiaji 5 wa timu inayoshambulia kwenye mstari mmoja. Katikati ni senta, yule anayeanzisha mpira. Kulia na kushoto kwake wapo gadi wawili. Nje ya gadi wapo wazuiaji wawili wa pembeni, wenye mikono mirefu, wanaomlinda kotabeki dhidi ya watu wanaokuja kwa kasi kutoka nje.

Sasa muweke mchezaji wako mbele yao. Kuna nafasi kuu tatu.

*Mlinzi wa katikati kabisa*, anayeandikwa NT, husimama uso kwa uso na senta. Kazi yake ni kuwashikilia watu wawili kwa wakati mmoja ili wenzake wa safu ya pili wabaki huru kumkimbilia mwenye mpira.

*Mlinzi wa kati*, anayeandikwa DT, mara nyingi husimama kwenye bega la nje la gadi. Anatakiwa kupenya kwenye upenyo mmoja na kuvuruga mambo ndani ya sekunde mbili.

*Mlinzi wa pembeni*, anayeandikwa DE, hutoka nje. Huyu ndiye mwenye nafasi pana zaidi ya kumfikia kotabeki.

Sababu ya kuanzia hapa ni rahisi kuonyesha. Vince Wilfork alichaguliwa wa 21 na New England Patriots kwenye drafti ya 2004, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni kwa zamu, akacheza misimu 11 huko na 2 Houston. Saki zake za msimu wa kawaida katika misimu hiyo yote 13 ni 16 tu. Kuna walinzi wa pembeni wanaozipata hizo kwa msimu mmoja. Lakini Wilfork ana pete 2 za Super Bowl, fainali ya ligi, na aliitwa Pro Bowl, kikosi cha nyota wa msimu, mara 5. Alikuwa mtu wa kilo zipatazo 147 aliyeajiriwa asisogezwe, na hakusogezwa. Ukimpima kwa saki, unampima kwa kazi ambayo hakupewa.

Tahadhari. Herufi zinadanganya. Timu inayopanga watu 3 mbele na 4 nyuma yao huwaandika wavamizi wake wa pembeni kama walinzi wa safu ya pili, OLB, hata kama kila siku kazi yao ni kumkimbilia kotabeki. T.J. Watt wa Pittsburgh ameandikwa hivyo. Kaka yake J.J. Watt aliandikwa DE, ila kwenye mpangilio wa watu 3 mbele, yaani muda mwingi alikuwa akipigana karibu na katikati, kwenye msongamano. Ndiyo maana saki zake 20.5 za 2012, na 20.5 nyingine za 2014, bado zinashangaza.

Na kwa kuwa wasomaji wa Kenya huuliza: Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, aliandikwa mlinzi wa safu ya pili. Mwongozo huu haumhusu moja kwa moja.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Huyu alisimama hapa, mbele ya fulani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa hii." Kama timu ilimhamisha nafasi katikati ya kazi yake, utakuwa na sentensi mbili zenye miaka yake.

## Hatua ya 2: Andika alivyoingia

Hatua fupi. Andika mwaka wa drafti, raundi, namba aliyochaguliwa na chuo. Kama hakuchaguliwa kabisa, andika hivyo, kwa sababu inabadilisha mshahara wake na subira ya timu kwake. Drafti ina raundi 7. Wa raundi ya kwanza hupewa miaka ya kukomaa, asiyechaguliwa anaweza kupewa wiki tatu tu za Agosti.

Andika pia kimo na uzito. Ili kupata kilo, zidisha ratili kwa 0.45. Mbio za yadi 40 ni kama mita 36.6.

Aaron Donald alipimwa kabla ya drafti ya 2014 akiwa na kimo cha takriban sentimita 185, na alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.68. Mbio hizo kwa mlinzi wa kati ni za ajabu. Lakini wengi walimwona mfupi mno, na akateremka hadi namba 13, ambako Rams, wakati huo wakiwa St. Louis, walimchukua. Kimo hakikuwazuia wazuiaji kusukumwa. Mtu mfupi mwenye nguvu huingia chini ya mikono ya mwenzake, na anayeingia chini ndiye anayenyanyua.

## Hatua ya 3: Panga misimu, kisha hesabu muda uwanjani

Chora jedwali lenye mstari mmoja kwa kila msimu. Weka safu hizi: mwaka, timu, mechi alizocheza, mechi alizoanza, asilimia ya snapu, saki. Acha safu moja tupu mwishoni kwa ajili ya maelezo.

Walinzi wa mstari wa mbele hupokezana. Kusukumana na mtu wa kilo 140 mara 60 kwa mechi moja hakuwezekani kila wiki bila kupumzishwa. Mlinzi mkubwa wa katikati anaweza kucheza nusu tu ya snapu na bado akawa mwanzo wa kila kitu. Kwa hiyo ukiona asilimia 48, usiseme amekaa benchi. Uliza kwanza alicheza zipi: zile za kuzuia mkimbiaji, au zile ambazo kila mtu anajua mpira utarushwa?

Kwa upande mwingine, anayevuka asilimia 80 msimu baada ya msimu akiwa katikati ni mtu wa aina yake. Donald alikuwa huko kwa misimu yake mingi. Saki zake usiziangalie bila kukumbuka kwamba alizipata akiwa amechoka kuliko wenzake.

Tahadhari ya urefu wa msimu. Msimu wa kawaida ulikuwa na mechi 16 kuanzia 1978 hadi 2020, na 17 kuanzia 2021. Migomo nayo ilifupisha misimu: mwaka 1982 kila timu ilicheza mechi 9 tu. Mwaka 1987 Reggie White wa Philadelphia Eagles alicheza mechi 12 kwa sababu ya mgomo na akapata saki 21. Rudia kuisoma hiyo. Anayemlinganisha na mtu wa mechi 17 bila kutaja mgomo amemdhulumu.

Utajua umefaulu ukiona mashimo kwenye jedwali lako: mwaka ambao mechi zilipungua ghafla, au ambao mechi ni zilezile lakini snapu zimeporomoka. Weka alama ya kuuliza kwenye kila shimo. Utayajibu hatua ya 6.

## Hatua ya 4: Soma saki, na ujue mipaka yake

Anza na mambo matatu ya kiufundi.

Nusu saki ipo. Walinzi wawili wakimwangusha kotabeki pamoja, kila mmoja huandikiwa 0.5.

Saki zilianza kuhesabiwa rasmi mwaka 1982. Kabla ya hapo hakuna namba rasmi ya mtu binafsi. Alan Page wa Minnesota Vikings, mlinzi wa kati aliyetangazwa mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 1971, alistaafu mwaka 1981; kwenye rekodi rasmi hana saki hata moja. Watafiti walirudia kuhesabu kumbukumbu za zamani, na Pro Football Reference ilizichapisha mwaka 2021 kwa misimu ya kuanzia 1960. Unaweza kuzitumia, ila sema wazi kwamba si rasmi.

Ligi nyingine hazihesabiwi. Reggie White alicheza Memphis katika ligi ya USFL kabla ya kutua Philadelphia mwaka 1985. Saki zake za huko hazimo kwenye jumla yake ya NFL.

Baada ya hapo, gawanya. Bruce Smith ana saki 200 rasmi katika mechi 279. White ana 198 katika mechi 232. Jumla inamweka Smith mbele. Ukigawanya unapata 0.72 kwa mechi kwa Smith na 0.85 kwa White. Namba zote mbili ni za kweli na zinajibu maswali tofauti: nani alidumu, na nani alikuwa wa hatari zaidi siku aliyovaa jezi. Mwandishi anayetoa moja na kuficha nyingine anamchagulia msomaji jibu.

Kisha fungua mechi moja moja ndani ya msimu. Hapa ndipo wengi wanapokamatwa. Ezekiel Ansah, aliyezaliwa Ghana na kuchezea Detroit Lions, alimaliza 2017 akiwa na saki 12. Inaonekana ni msimu mzuri usio na doa. Lakini 9 kati ya hizo 12 alizipata katika mechi 3. Mechi zake nyingine zote za msimu huo ziligawana 3 zilizobaki. Timu inayofikiria kumpa mkataba wa miaka 5 huangalia hilo kabla ya jumla.

Usisahau safu za jirani: kumkaba mwenye mpira nyuma ya mstari wa kuanzia, kumgonga kotabeki akiwa amesharusha, kuudondosha mpira. Kwa mchezaji wa miaka ya 1980 safu hizo mara nyingi ziko tupu. Tupu maana yake haikuhesabiwa. Usiisome kama sifuri.

Utajua umefaulu ukiwa na namba tatu kwa kila mchezaji: jumla, wastani kwa mechi, na idadi ya mechi ambazo alipata angalau nusu saki. Hiyo ya tatu hukuonyesha kama alikuwa mvua ya kila siku au gharika ya siku mbili.

## Hatua ya 5: Tazama kile ambacho hakikuandikwa

Chukua mechi moja na uache kufuata mpira. Ni vigumu mwanzoni, jicho linakwenda lenyewe. Mtafute mchezaji wako kabla mpira haujaanzishwa, na ukae naye hadi filimbi.

Kwa kila snapu andika mambo manne: alisimama wapi, alizuiwa na wangapi, alikwenda mbele au alirudishwa nyuma, na mpira uliishia upande gani. Snapu 30 zinatosha kwa kikao kimoja. Pumzika, kisha endelea, kwa sababu ukichoka utaanza kuandika unachokitarajia.

Tazama mkono ulioko ardhini. Mpira ukianzishwa, nani ananyanyuka kwanza, yeye au mzuiaji? Mlinzi mzuri anakuwa ameshapiga hatua wakati mzuiaji bado anainua kifua. Kisha tazama viganja. Wanaopambana kifua kwa kifua husimama palepale. Wanaofanikiwa hupiga vifundo vya mikono vya mzuiaji, humnyima pa kushika, halafu hupitisha bega. Donald alikuwa bingwa wa hilo. Ukipunguza mwendo wa video utaona mikono ya mzuiaji inashika hewa.

Andika pia ni mara ngapi alizuiwa na wawili. Kila anapowachukua wawili, mwenzake mmoja anabaki na mpinzani mmoja. Saki ya mwenzake inaweza kuwa kazi yake, na hakuna safu yoyote itakayosema hivyo.

Ukitaka mfano wa kufanyia zoezi, tafuta dakika ya mwisho ya Super Bowl ya Februari 13, 2022, uwanja wa SoFi, Rams dhidi ya Cincinnati Bengals. Rams wanaongoza 23 kwa 20. Bengals wanahitaji yadi 1. Jaribio la tatu, wanampa mpira mkimbiaji Samaje Perine. Donald anamdaka na kumzuia asifikishe yadi hiyo. Jaribio la nne, zimebaki sekunde 43. Donald anampita gadi, anamfikia Joe Burrow, anamshika na kumzungusha. Burrow anautupa mpira huku akianguka, unadondoka chini. Mchezo umekwisha.

Snapu hiyo ya mwisho haikuwa saki. Mpira ulishatoka mkononi, kwa hiyo kwenye karatasi ni pasi isiyofika tu. Donald alikuwa na saki 2 mapema katika mechi hiyohiyo, lakini iliyoamua ubingwa haimo kwenye safu ya saki.

Tahadhari. Usichague mechi zake bora tatu. Chukua moja nzuri, moja aliyopotea, na moja dhidi ya mzuiaji hodari. Vipande vya mitandaoni hukatwa na mashabiki, na shabiki hakati snapu ambayo mtu wake alilazwa chali.

## Hatua ya 6: Fuata mkataba, kuachwa na majeraha pamoja

Haya matatu yanasomwa kwa pamoja kwa sababu maishani yanatokea pamoja. Rudi kwenye alama zako za kuuliza.

Mkataba wa kwanza. Aliyechaguliwa kwenye drafti husaini miaka 4, na namba aliyochaguliwa ndiyo inayoamua kiasi. Kwa wa raundi ya kwanza, timu ina haki ya kuongeza mwaka wa 5. Kwa hiyo mlinzi anaweza kuwa bora duniani na bado akalipwa kidogo kwa miaka kadhaa. Donald hakuhudhuria kambi ya mazoezi mwaka 2017 akidai mkataba mpya, akakosa mechi ya kwanza, na bado alimaliza msimu akiwa mlinzi bora wa ligi. Mwishoni mwa Agosti 2018 alipata nyongeza ya miaka 6 ya dola milioni 135. Siku iliyofuata Khalil Mack alipata milioni 141 kutoka Chicago.

Fedha zilizodhaminiwa. Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili aliyezoea mikataba ya soka anapoteleza. Mchezaji wa soka akisaini miaka 4, kwa kawaida klabu inawajibika kwa miaka 4. Kwenye NFL timu inaweza kumwacha mchezaji katikati ya mkataba, na sehemu isiyodhaminiwa inapotea. Ukiona "milioni 80 kwa miaka 5", tafuta neno la udhamini kabla ya kuandika kichwa cha habari.

Kuachwa. Kikosi kamili kina watu 53. Mchezaji mchanga anayeachwa hupitia orodha ambako timu nyingine zinaweza kumdai. Akikosa wa kumdai, anaweza kurudi kwenye kikosi cha mazoezi kwa malipo madogo. Kuachwa mara nne hakumaanishi hafai.

Mfuatilie Efe Obada. Alizaliwa Nigeria, akakulia London, akajifunza mchezo huu kwenye klabu ya London Warriors, na Dallas Cowboys walimsajili mwaka 2015. Akapita Kansas City na Atlanta bila kucheza mechi hata moja ya msimu. Mwaka 2017 akaingia Carolina Panthers kupitia mpango wa NFL wa kuwaleta wachezaji wa kimataifa, na Septemba 2018, katika mechi yake ya kwanza, alipata saki moja na kuunasa mpira wa pasi dhidi ya Bengals. Baadaye akacheza Buffalo na Washington. Mtu aliyesoma orodha ya kuachwa kwake mwaka 2016 angeandika kwamba safari imekwisha. Vijana wa Afrika Mashariki waliokwenda kwenye kambi ya NFL Nairobi mwaka 2023 wana sababu ya kulisoma jedwali lake mstari kwa mstari.

Majeraha. Tofautisha mapengo. Mechi moja moja zilizokosekana huku na huku mara nyingi ni misuli na vifundo vya miguu. Kukaa kwenye orodha ya majeruhi, ambako kwa kanuni za sasa lazima akose angalau mechi 4, ni jambo zito zaidi. Donald alikuwa na saki 12.5 mwaka 2021 na 5 tu mwaka 2022. Ukitazama mechi, alicheza 11 kabla kifundo cha mguu hakijamtoa. Mwaka uliofuata alipata 8, kisha Machi 2024 akastaafu akiwa na miaka 32.

Ukizungumzia majeraha ya mtu, andika yaliyotangazwa na timu au na yeye mwenyewe. Usikisie ugonjwa wa mtu kwa kutazama anavyotembea kwenye video.

Utajua umefaulu kila alama ya kuuliza ikiwa na jibu kwenye ile safu tupu: jeraha, kuhamishwa nafasi, kocha mpya, mgogoro wa mkataba, au umri.

## Hatua ya 7: Pima tuzo kwa uzito wake

Pro Bowl huchangiwa na kura za mashabiki, na wanaojitoa nafasi zao hujazwa na wengine. Ni heshima, lakini jina kubwa linasaidia. Kikosi cha All-Pro cha Associated Press huchaguliwa na jopo la wanahabari na kina nafasi chache sana. Ukilazimika kutaja kimoja, taja hicho: Donald alikuwa kikosi cha kwanza mara 8 katika misimu 10.

## Hatua ya 8: Andika aya moja

Usianze na makala ndefu. Andika aya moja yenye nafasi, namba zilizogawanywa, mapengo na sababu zake. Ikikushinda, kuna hatua uliyoruka. Mara nyingi ni ya kwanza au ya tano.

Kwa Ansah, yangu ingekuwa hivi:

*Mlinzi wa pembeni, sentimita 196, aliyefika chuo cha BYU akitaka kucheza mpira wa kikapu, akakimbia riadha, na kuanza futiboli mwaka 2010 tu. Miaka mitatu baadaye Detroit walimchagua wa 5 katika drafti ya 2013. Alipanda haraka: saki 8, kisha 7.5, kisha 14.5 mwaka 2015. Kifundo cha mguu kikamwangusha hadi 2 mwaka 2016. Alirudi na 12 mwaka 2017, ingawa 9 zilitoka kwenye mechi 3. Detroit hawakumpa mkataba mrefu. Walimfunga kwa mwaka mmoja wa zaidi ya dola milioni 17, na bega likamruhusu mechi 7 tu mwaka 2018. Seattle walimpa mwaka mmoja, akapata 2.5. San Francisco walimchukua 2020, akacheza mechi 2 kabla msuli wa mkono haujachanika. Jumla 50.5, nyingi zikiwa za miaka ambayo mwili ulimruhusu.*

Mpe aya yako mtu asiyefuata mchezo huu na umuulize maswali mawili: kwa nini namba zilishuka mwaka ule, na kwa nini timu haikumpa mkataba mrefu? Akijibu yote mawili bila kukuomba ufafanuzi, anza kuandika makala yako.